Kidole Kimoja cha Baruti

Kaka yangu Masanja,

Shikamoo. Najua sitaisikia marahaba yako, lakini siwezi kuanza kusema na wewe bila shikamoo. Mama angejua tu, hata kama hajui kusoma.

Barua hii nimeiacha wazi kwa sababu sina pa kuipeleka. Mwalimu wa hapa Nyahanga ameniahidi kuituma kwenye gazeti, na gazeti husomwa na watu wa reli, na wewe mara ya mwisho ulionekana ukipanda treni pale Isaka. Jina la ukoo wetu sikuliandika. Akina Masanja wako wengi, kila zizi lina wake. Lakini Masanja ambaye baba yake alikuwa akipima baruti kwa vidole yuko mmoja, na huyo, kama amesoma mpaka hapa, basi ameshatafuta mahali pa kuketi. Keti, kaka. Nina maneno mengi na wewe hujawahi kuwa mtu wa kusikiliza umesimama.

Unakumbuka baba alivyokuwa akishindilia gobole lake? Hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha, hata mama. Alikuwa akikaa kwenye kigoda chake kando ya zizi, anausimamisha mtutu katikati ya magoti, anamimina baruti kutoka kwenye pembe ya swala, anatia nyuzi za katani na kushindilia, kisha risasi ya chuma, kisha nyuzi tena. Mwisho anauingiza mdeki, ule ufito wa kushindilia, mpaka uguse chini, na ile sehemu inayobaki nje ya mdomo wa mtutu anaipima kwa vidole vya mkono wa kushoto. Baruti ikiwa nyingi mdeki unabaki nje zaidi. Vidole viwili vilikuwa vya kanga, vitatu vya swala, vinne vya mnyama anayeweza kugeuka na kuja kukuuliza ulikuwa unataka nini. Cha tano, alikuwa akisema, ni kidole cha mjinga.

Siku moja, wewe ukiwa umeanza kuota ndevu zile chache ulizokuwa ukizionea fahari, aliushika mkono wako akaulaza juu ya mkono wake, kidole juu ya kidole. Akacheka. "Tazama, Mama Masanja," akamwambia mama, "vidole ni vile vile. Gobole hili halitasumbuka kubadili mwenyewe." Mimi nikaja mbio nikauweka wangu juu ya yenu. Akaniambia, "Wewe Minza kwa vidole hivi utawinda panzi." Nililia jioni ile yote, nawe ukaniletea asali ili ninyamaze. Mpaka leo sijasamehe yale ya panzi, ila asali naikumbuka.

Kisha ukachukuliwa vitani, na nyumba ikawa na mambo ambayo huenda ulisimuliwa nusu nusu. Baruti ilikuwa adimu wakati ule. Kibali kilipotolewa na boma, dukani hakukuwa na kitu. Siku duka lilipokuwa nayo, kibali kilikuwa hakijatoka. Baba akaanza kubana. Alipokuja yule simba aliyekuwa akiingia kwenye mazizi ya watu kana kwamba amealikwa, baba alimwendea na vidole vitatu badala ya vinne, kwa kuwa vitatu ndivyo vilivyokuwapo. Risasi ilimpiga begani, ikashindwa kuingia. Tuliikuta baadaye kwenye nyasi, imeshika manyoya kidogo, kama mtu aliyebisha hodi akarudishwa mlangoni. Simba hakurudishwa. Alimkamata baba paja kabla watu wa mikuki hawajafika, na tangu hapo baba akawa anatembea kwa kuchechemea.

Hivyo ndivyo ulivyomkuta uliporudi kutoka Burma na koti lako la keya, lile jeshi la Mwingereza, na viatu vilivyolia kila ukikanyaga. Ulikula siku ile? Sikumbuki kukuona ukila. Ulimtazama akitoka zizini kuja kukulaki, anauvuta ule mguu, na uso wako ukabadilika.

"Ulikuwa umbali gani na simba?" ulimuuliza.

"Toka hapa mpaka pale langoni."

"Baba! Hapo si ungempiga kofi tu?"

"Gobole ndivyo linavyotaka. Ukikaa mbali, risasi inafika imechoka."

Ukamweleza juu ya bunduki za vitani. Nilikuwa napepeta mtama karibu yenu, na maneno yale yaliniingia kichwani yakakaa. Ulisema risasi ile inatoka kwa mbio kuliko hata mlio wake. "Inamfika mtu kabla hajaisikia, baba. Mlio unakuja nyuma."

Baba akauliza, "Sasa huyo mtu atajuaje kwamba aliitwa?"

Mlicheka wote wawili, na mimi nikacheka kwa sababu mlicheka. Lakini nilikuona baadaye ukilichukua gobole ukutani, ukalipima kwa mkono kama mtu anayepima kuku wa kununua, ukalirudisha. Hukuwa unalidharau. Nilidhani hivyo wakati ule na nikakununia. Siku hizi najua ulikuwa ukiuwaza mguu wa baba. Ulitaka tu baba asihitaji kumsogelea simba tena. Wengine walisema umetoka vitani na majivuno, na ningependa usikie kwamba ndani ya nyumba yetu hakuna aliyewahi kusema hivyo.

Hukukaa. Watu walikuwa wakienda Geita kwenye dhahabu, nawe ukafunga mzigo, ukakatiza pori la Bulyanhulu kwa miguu pamoja na wenzako. Mama alikuwa akiuliza kila mpita njia kama ametoka huko. Mgodini walikupa kazi ya kusukuma vigari vya mawe, hiyo ulitueleza mwenyewe. Waliotoboa mwamba walikuwa wengine, na waliotia baruti kwenye matundu walikuwa wengine kabisa, wachache, wasiosema na mtu. Ninyi mlitolewa nje, mkasikia mshindo, mkarudi ndani mkakuta ukuta wa jiwe umekuwa kokoto. Ulichokiona ni kokoto tu. Ningekuwa wewe, na mimi ningeamini kwamba kitu chenye nguvu hizo kinaweza kuitupa risasi mpaka ng'ambo ya mto.

Ulikuja msimu wa kuvuna karanga, na simba naye alikuwa amerudi, yule yule au nduguye. Alikuwa ameshamchukua mtamba wa mama, yule mwekundu mwenye baka jeupe usoni, ambaye baba alikuwa amemtenga kwa ajili ya mahari yako. Ulishusha mzigo ukatoa kopo la maziwa lililofungwa kwa kitambaa. Ndani kulikuwa na kitu mfano wa ugali wa muhogo uliochanganywa na mafuta, umefungwa kwenye karatasi yenye nta. Nilikigusa kwa kidole, mbea kama nilivyo, na kichwa kikaniuma mpaka siku ya pili.

"Hii, baba, ndiyo ya mgodini, inaangusha mlima," ulisema.

"Mimi sina mlima. Nina simba."

Majirani wakacheka, kwa maana walikuwa wameshajaa uani kukuamkia na kutazama umeleta nini. Wewe hukucheka. Ulisimama katikati yao ukaeleza kwamba baba hatasogea tena mpaka langoni, kwamba atasimama kule kwenye kichuguu na simba ataanguka bila kujua kilichompata. Baba alikutazama, kisha akawatazama wale watu, kisha akakutazama tena.

"Sawa," akasema.

"Vidole vinne, baba. Kama kawaida."

"Nimesikia, ng'wanawane." Alikuita mwanangu kwa Kisukuma, kama alivyokuwa akikuita ulipokuwa mdogo na homa imekupanda.

Akachukua gobole na kopo akaenda kushindilia nyuma ya ghala, peke yake. Shika hapo, Masanja. Nitaparudia.

Asubuhi iliyofuata jua lilikuwa limeshapanda tulipotoka. Simba alikuwa amelala kwenye vichaka vya kando ya korongo, na vijana walimzunguka wakipiga madebe. Wewe ulimshika baba mkono ukampandisha kwenye kichuguu, ukamwekea jiwe la kuegemea, ukamfuta na jasho. Sisi wanawake tulikuwa nyuma kwenye shamba la mtama. Nilimwona simba akitoka, na nilimwona baba akiliinua gobole. Gobole nalijua linavyolia: linavuta pumzi kwanza, linatoa mlio mnene, moshi unatanda. Safari hii hakukuwa na kuvuta pumzi. Ulikuwa mlio mkavu, mfupi, wa kitu kilichovunjika.

Yaliyofuata uliyaona kuliko mimi, kwa sababu ulikuwa karibu naye. Mtutu ulikuwa umefunguka kama ganda la karanga. Baba alikuwa chali, uso wote damu na masizi, mkono wa kushoto hautazamiki. Ulimwita, hakujibu. Ulimtikisa. Kisha mtu mmoja akapaza sauti kwamba amekufa, na wanawake, na mimi nikiwamo, tukapiga mwano, ule ukelele wetu wa kuita watu kwenye msiba. Ulisimama ukatusikiliza. Ukavua lile koti la keya ukamfunika baba, taratibu kabisa, mpaka kichwani. Ukageuka ukaondoka, kwanza ukitembea, halafu ukikimbia.

Kaka, hukufika hata kwenye mbuyu wa njia panda, koti likacheza. Alikohoa! Mama ndiye aliyelitupa pembeni, na baba akatema masizi na kuvuta hewa. Nikakimbia nyuma yako. Mimi niliyekuwa nikishindwa kukimbiza ndama, nilikimbia mpaka barabara kubwa nikipiga kelele, "Yu hai! Masanja, baba yu hai!" Niliona lori la pamba likiondoka na wewe ukiwa juu ya marobota, umeangalia huko uendako. Vumbi likatufunika wote. Nilibaki pale barabarani nimekaa chini mpaka watu wakanifuata. Nimeitafuta sauti ile usingizini mara nyingi, niitoe tena, kubwa zaidi. Inauma, Masanja. Watu huniambia hukuweza kusikia kwa ajili ya injini, na mimi najua hivyo, na bado inauma.

Sasa nikueleze usiyoyajua.

Baba alipopata fahamu vizuri, neno lake la kwanza lilikuwa, "Simba yuko wapi?" Tukamwambia alikimbia kwa ule mshindo. "Na Masanja?" Mama akamfuta uso tu. Akafumba lile jicho moja lililokuwa likiona, akalala tena. Masista wa zahanati ya misheni walimtibu kwa muda mrefu. Jicho la kushoto lilipona likaona ukungu tu. Mkono ulipona ukabaki na gumba na kidole cha mwisho, vile vitatu vya katikati vikawa vimekwenda. Vidole vya swala, alisema mwenyewe. Simba yule hakurudi tena kwetu wala kwa jirani, na baba alipoulizwa habari za ajali alikuwa akijibu, "Si tulitaka simba aondoke? Ameondoka."

Askari wa boma alikuja kuuliza gobole lilipasukaje. Baba akamwambia baruti yake ilikuwa mbichi, ilinyeshewa ghalani, na kwamba uzee umemfanya mzembe. Alikemewa mbele ya watu, mtu mzima yule, akaitikia ndiyo bwana, ndiyo bwana. Kopo la maziwa mama alikuwa ameshalizika anapopajua yeye. Kama yuko mtu wa boma anayesoma haya na anataka kumshtaki baba kwa uongo, basi amfuate aliko sasa, njia haina nauli.

Wajukuu walipoanza kupatikana, wanangu mimi, baba alikuwa akiwakataza kujifunzia hesabu kwenye mkono wake. "Hapa mtapata hasara," alikuwa akiwaambia. Walimpenda mpaka nikaona wivu. Kitako cha gobole kilibaki ukutani pale pale, hakina mtutu, na mmoja wao alipokiomba akichezee, baba alikataa. Alisema kina mwenyewe.

Tulidhani utarudi mwenyewe. Tulidhani utasikia mahali fulani, kwa mtu fulani, kwamba mzee yule yupo na anachechemea na kutania watoto. Kisha mwaka mmoja, wakati wa kupalilia, utingo wa lori alishusha mzigo kwetu akasema ametumwa na mtu aliyekutana naye stesheni, hakumuuliza jina. Ulikuwa na blanketi zuri, jekundu, na kanga mbili. Mama alilinusa blanketi akaanza kulia, kwa sababu mafundo ya kamba yalikuwa yale yale unayofunga wewe, ya kupinda mara mbili. Tulifurahi. Watu walikuja kutupongeza. Ni baba peke yake aliyeendelea kuupekua ule mzigo kwa mkono wake mzima, anatoa kanga, anakung'uta blanketi, anatazama tena ndani ya gunia.

"Unatafuta nini, baba?" nikamuuliza.

"Natafuta changu."

Hakikuwapo, kaka. Hapakuwa na tumbaku, wala shati, wala salamu. Akaketi kwenye kigoda chake. "Huyu mtoto anajua nimekufa," akasema. Sijawahi kusikia sauti ya mtu ikitoka vile. Mama akaacha kulia kwa furaha akaanza kulia upya.

Jioni ile ile, ng'ombe wakiwa wanaingia, ndipo alipotueleza habari za nyuma ya ghala. Alisema alipolifungua lile kopo alijua. Hakujua ni kitu gani, lakini alijua si cha gobole. "Baruti yangu inasukuma," alisema. "Kama unavyomsukuma ndama apite langoni, unamshika nyuma, unakwenda naye mpaka anapita. Ile ya Masanja haisukumi. Ile inapiga rungu. Ukimpiga ndama rungu hapiti langoni, anakufa hapo hapo na lango linavunjika." Nikamuuliza kwa nini basi aliitia. Akavipapasa vile visiki vya vidole.

"Alikuwa amesimama mbele ya watu," akasema. "Ametoka vitani, ametoka Geita, amenibebea kitu. Ningemwambia mbele yao kwamba alicholeta hakifai? Nikasema nitatia kidogo, kidole kimoja tu, nichanganye na yangu. Asije akajua. Simba akianguka, sifa iwe yake. Asipoanguka, nitasema niliona vibaya."

Kidole kimoja, Masanja. Wewe ulisema vinne, naye akatia kimoja, na ndiyo maana uliyemfunika koti alikohoa. Lakini pia ni yeye aliyepima. Miaka yote hii, popote ulipo, nina hakika unajihesabia vidole vinne, na unaona mkono wako ndio ulioshindilia. Haukuwa mkono wako. Alijua tutakumbuka alivyosema, kwa hiyo alisema polepole: "Mkimwona, mwambieni niliona, nikajua, nikatia mwenyewe. Kosa langu ni kwamba sikusema hapana. Ningesema hapana angenuna mpaka jioni, na leo ningekuwa naye."

Aliagiza kila aliyepanda treni. Alikwenda mwenyewe Isaka kwa punda, akakaa stesheni siku nzima akiwauliza makuli na wapiga debe kama wanamjua mtu mrefu mwenye vidole hivi, na alipotaka kuwaonyesha vidole gani akakumbuka hana. Alirudi akicheka jambo hilo. Mimi ndiye niliyempokea punda, na niliona alikuwa amelia njiani.

Baba amefariki, kaka. Nimezunguka kote huko ili nisifike hapa, lakini ndipo penyewe. Ni kikohozi, kilianza na kipupwe kikamchukua kabla mvua hazijanyesha. Hakuteseka sana. Siku ya mwisho asubuhi aliomba atolewe nje, akaketishwa kwenye kigoda akiwa amejifunika lile blanketi la mama, jekundu. Akaomba maji yenye unga wa mtama kwenye kibuyu. Unajua ni ya nini. Sote tulipiga magoti, akatupulizia mmoja mmoja, mama, mimi, wanangu. Kisha akasema, "Nigeuzeni." Tukamgeuza akaelekea barabara ya Isaka, akajaza mdomo maji yote yaliyobaki na kuyapuliza huko, kwa nguvu, akapaliwa, akacheka. "Hayatafika," akasema, "lakini yametoka." Baraka yako ni hiyo, imemwagika uani kwetu mbele ya kigoda. Nimepapita mara nyingi na huwa nakanyaga pembeni.

Nina hasira na wewe, usidhani sina. Nina hasira kwamba hukutazama nyuma mara moja tu kutoka juu ya lile lori. Nina hasira kwa kila msimu ambao baba aliugeuza mkono wake juani na kusema ungekuwa na umri gani sasa. Halafu nakuona umesimama pale kwenye kichuguu, koti mkononi, unausikiliza mwano wetu, na hasira inaniishia. Nani angesubiri kusikia zaidi ya hapo? Nasikitika tu. Nasikitika mpaka mume wangu ananiuliza kama ninaumwa.

Sasa kuna jambo la nywele. Unajua desturi: msiba ukiisha watu wa nyumba hunyolewa, na wa kwanza kukaa chini ya wembe ni mtoto wa kwanza wa marehemu. Baba mdogo aliuleta wembe siku iliyopangwa. Mama akakataa. Akasema mtoto wake wa kwanza hajafika, na kama yeye hajanyolewa basi hakuna atakayenyolewa. Wakamsihi wanyoe kuanzia kwangu. Akamuuliza baba mdogo kama siku hizi majogoo hutaga. Kwa hiyo tuko hivi, kaka, ukoo mzima, tuna vichwa kama vichaka vya korongoni. Baba mdogo anajikuna mbele za watu na kukulaani wewe kwa jina, kisha anaomba radhi kwa mama. Wazee wamekubali kutuvumilia mpaka pamba itakapoanza kupasuka. Baada ya hapo, wamesema, watanyoa bila wewe, na msiba wa baba utafungwa kana kwamba hakuwa na mwana. Mama amezeeka. Hilo likifanyika sijui kama atataka kuuona msimu mwingine.

Pamba imeshatoa maua, Masanja.

Hutakuta mtu wa kukuuliza lolote. Utakuta mama, na kigoda, na kitako cha gobole ukutani ambacho wanangu hawaruhusiwi kukigusa. Kuna mwanangu mmoja, mtoto wa tatu, ambaye hakuwahi kuviona vidole vya babu yake vikiwa vyote na huniuliza vilikuwaje. Siwezi kumwonyesha vyangu. Vyangu ni vya panzi.

Ulituambia kwamba risasi ya kule vitani humfika mtu kwanza, na mlio wake huja nyuma. Ilikufika, kaka, siku ile, na ukaondoka nayo kabla sauti haijaja. Hii ndiyo sauti, ndiyo ile ile niliyoipiga barabarani. Alikuwa hai. Amefariki juzi tu, na kila siku alikuwa anakuita.

Nakuaga hapa nikiwa na nywele kichwani, nakungoja wewe na wembe.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Minza